Sura ya Sita: Watu Wangapi Ndio Wanatosha Barabara?

Swali hili huulizwa kwenye mabaraza ya chifu, matangani, na chini ya miembe ambako vijana wa bodaboda husubiri abiria: kwa nini barabara yetu haitengenezwi? Jibu wanalopewa wananchi halibadiliki sana. Huambiwa kwamba wao ni wachache, tena wametawanyika, na pesa za umma lazima ziende penye watu wengi.

Jibu hilo linaonekana la haki. Hesabu ni hesabu, na anayelibishia huonekana anapendelea kwao. Katika sura hii tutalipima kwa kutumia Adu, sehemu ya bara katika Magarini, kaskazini mwa Malindi. Tutaona kwamba idadi ya watu ni kipimo kimoja tu, tena kipimo kinachopotosha kikitumiwa peke yake. Kipimo bora ni hiki: siku barabara inapokuwa mbaya kuliko siku zote, ni nani anayeweza kutoka nyumbani na kufika anakokwenda?

Adu ni wapi, na watu ni wangapi?

Ukitoka Malindi kuelekea kaskazini, unavuka daraja la Mto Sabaki, kisha lami inaendelea kupitia Gongoni, Fundisa na Marereni hadi Garsen. Adu yenyewe iko ndani, magharibi mwa lami hiyo, upande wa msitu wa Dakatcha. Ni kituo cha biashara, na pia ni jina la wadi, moja kati ya wadi sita za eneo bunge la Magarini. Nyingine ni Marafa, Magarini, Gongoni, Garashi na Sabaki.

Sensa ya Agosti 2019 ilihesabu watu 191,610 katika kaunti ndogo ya Magarini. Malindi jirani ilikuwa na watu 333,226. Kaunti nzima ya Kilifi ilikuwa na watu 1,453,787, kutoka 1,109,735 mwaka 2009. Yaani katika miaka kumi kaunti iliongeza watu zaidi ya laki tatu, ongezeko la asilimia 31.

Kuna neno moja la wataalamu tunalolihitaji hapa: msongamano wa watu, yaani wastani wa watu wanaoishi katika kila kilomita ya mraba. Kilifi ilikuwa na watu 116 kwa kilomita ya mraba, na Kenya nzima 82. Ukiziona takwimu hizo utadhani Kilifi imejaa. Lakini wastani huo unachanganya mitaa ya Mtwapa, ambako nyumba zimebanana, na nyika ya Magarini, ambako unaweza kutembea kitambo kirefu kutoka boma moja hadi jingine. Mtu wa Adu haishi ndani ya wastani. Anaishi kwake, na kutoka kwake hadi kwa jirani, dukani na zahanati kuna umbali wake.

Kwa nini watu wakatawanyika hivyo?

Wengine husema, "Si wangekaa pamoja tu, iwe rahisi kuwahudumia?" Wanaosema hivyo hawajaitazama ardhi ile. Bara la Magarini mvua ni ya kubahatisha. Mkulima anayepanda mahindi na pojo, akafuga mbuzi na ng'ombe wachache, anahitaji eneo kubwa kuliko mkulima wa Kisii au Murang'a ili apate chakula kile kile. Maboma yakisongamana, malisho yanaisha na shamba halipumziki. Kutawanyika ni ufundi wa kuishi katika nchi kavu.

Historia nayo ina lake. Wagiriama, jamii ya pwani, walianza kuvuka Sabaki kwenda kaskazini mwishoni mwa karne ya 19, wakifuata ardhi nzuri, na mahindi yao yakawa bidhaa ya kutajika pwani. Serikali ya kikoloni iliwataka karibu, ili iwatoze kodi na kuwapeleka kwenye mashamba ya wazungu. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwahamasisha watu wakatae. Akakamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa mbali hadi nchi ya Kisii. Wakatoroka na kurudi kwao kwa miguu, safari ya mamia ya kilomita. Agosti 1914 Waingereza waliilipua Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama, kwa baruti, na Wagiriama wakaamriwa kuhama ng'ambo ya kaskazini ya Sabaki. Nyumba zilichomwa. Miaka michache baadaye amri hiyo ililegea, watu wakarudi.

Baada ya uhuru, kuanzia miaka ya 1970 hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, serikali ya Kenya kwa ufadhili wa Australia ilijaribu kuwapanga watu upya kupitia mradi wa makazi wa Magarini. Vichaka vilifyekwa, ardhi ikapimwa, njia zikachongwa. Ardhi kavu na shida ya maji vikaushinda mpango uliochorwa mezani.

Basi watu wa huko wamewahi kuhamishwa kwa nguvu, na wamewahi kupangwa kwa ramani. Mara zote mbili walirudia mtindo wa makazi unaowalisha. Mpango wa usafiri unaotaka kufaulu uanzie hapo walipo.

*Kwa ufupi: Uchache wa watu bara la Magarini unatokana na ukavu wa ardhi na historia yake. Kuwataka watu wasongamane kwanza ndipo wapate barabara ni kuwataka waache riziki yao.*

Hesabu ya matatu

Sasa tuone jinsi idadi ya watu inavyoamua chombo gani kitafika kijijini. Tufanye hesabu ya mfano.

Matatu ya kawaida hubeba abiria 14. Mwenye gari hataki kuondoka na viti vitupu, maana mafuta ni yale yale. Tuseme kila mtu mzima kijijini huenda mjini mara moja kila wiki mbili, yaani siku 14. Ili gari lijae mara moja tu kwa siku, panahitajika watu wazima 14 mara 14, ambao ni 196. Hao ni wa safari moja: kutoka alfajiri na kurudi jioni. Ukitaka gari la pili mchana, unahitaji watu wazima 392, na wote wawe karibu na kituo.

Kijiji chenye maboma yaliyotapakaa hakiwezi kujaza gari hilo. Ndiyo maana sehemu nyingi za bara zina gari moja la alfajiri, na likikuacha umeachwa hadi kesho yake. Mgonjwa akizidiwa saa nne asubuhi, gari limeshakwenda. Mzazi akiitwa shuleni kwa mtoto wake adhuhuri, hana wa kumpeleka.

Pikipiki ilibadilisha hesabu hii. Yenyewe hujazwa na abiria mmoja. Kwa mwendo ule ule wa kusafiri mara moja kila wiki mbili, watu wazima 14 wanatosha kuipa pikipiki safari moja kila siku. Ndiyo sababu serikali ya Kenya ilipoondoa kodi ya VAT kwenye pikipiki ndogo mwaka 2008, bodaboda zilisambaa hadi vijiji ambavyo matatu haijawahi kufika. Hakuna wizara iliyopanga mtandao huo. Vijana walijipangia wenyewe, wengine kwa mikopo.

Leo pikipiki ndiyo lori, ambulensi na basi la shule. Mtazame kijana anayetoka Dakatcha na mzigo wa makaa. Magunia mawili yamesimamishwa nyuma, la tatu limelazwa juu yake, na yote yamekazwa kwa vipande vya mpira wa ndani wa tairi uliokatwa kama kamba. Yeye mwenyewe amekaa juu ya tangi la mafuta, kwa maana kiti kimeliwa na mzigo. Akiingia kwenye mchanga mwingi hushusha miguu yote miwili na kupapasa njia. Mtaro mmoja tu uliokatwa na maji unatosha kumwangusha.

Lakini bodaboda ni ghali. Gharama ya safari inamwangukia abiria mmoja, ilhali kwenye matatu ingegawanywa kwa 14. Hivyo mwenye kipato cha chini zaidi, anayekaa mbali zaidi, ndiye anayelipa zaidi kwa kila kilomita. Naye mwenye mananasi au tikiti huuza kwa bei ya broka aliyekuja na gari lake, maana hawezi kuyafikisha Malindi mwenyewe kabla hayajaharibika.

Kilomita mbili, mwaka mzima

Mwaka 2006 Benki ya Dunia ilitoa kipimo ambacho baadaye Umoja wa Mataifa uliingiza katika malengo yake ya maendeleo. Kipimo hicho kinauliza: katika kila watu mia wa mashambani, ni wangapi wanaishi ndani ya kilomita mbili kutoka barabara inayopitika mwaka mzima? Kilomita mbili ni mwendo wa dakika 20 hadi 25 kwa mtu mzima mwenye afya.

Maneno mazito hapo ni "inayopitika mwaka mzima". Maana yake si lazima iwe lami. Barabara ya udongo yenye mitaro ya kutoa maji pembeni, kalvati zilizo wazi na vivuko vya zege kwenye mikondo ya msimu inahesabika. Na barabara pana iliyochongwa kwa greda mwezi wa pili, ikageuka tope mwezi wa tano, haihesabiki hata kidogo.

Bara la Magarini kuna sehemu za mchanga na sehemu za udongo mweusi unaonata ukinyeshewa. Mvua za masika zikianza, vijito ambavyo mwaka mzima ni mchanga mtupu hujaa ghafla. Barabara ya kilomita 30 inaweza kuwa nzuri kilomita 29, ila pana sehemu tatu au nne zinazokatika. Hizo chache ndizo zinazoifunga njia yote, na mwenye gari hageuzi kwa sababu ya umbali bali kwa sababu ya mkondo mmoja. Hapo ndipo vijana hupitisha mti chini ya pikipiki, wakaiinua mabegani na kuivusha kwa malipo, abiria akifuata nyuma na viatu mkononi.

Hata barabara kuu hukumbwa na balaa hilo. Novemba 2023 mvua za El Niño ziliikata barabara ya Mombasa–Malindi kwenye daraja la Mbogolo. Tofauti ni kwamba barabara kuu ikikatika, taifa zima linasikia siku hiyo hiyo. Njia ya ndani ikikatika, wanaojua ni wale walioshindwa kupita.

Machelewa matatu

Hakuna mahali ambapo siku mbaya ya barabara huonekana wazi kama katika uzazi. Wahudumu wa afya hueleza vifo vya akina mama kwa kutaja machelewa matatu:

1. Kuchelewa kuamua kwenda hospitali.
2. Kuchelewa kufika hospitali.
3. Kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika.

Juni 2013 serikali ilifuta ada ya kujifungua katika hospitali za umma. Ulikuwa uamuzi mwema, na uligusa chelewa la kwanza kwa sababu familia nyingi zilikuwa zikiogopa bili. Lakini nauli haikufutwa. Mama anayeishi bara la Adu, akipata tatizo ambalo zahanati haiwezi, anatakiwa afikishwe hospitali ya Malindi. Usiku njia yake ni pikipiki: dereva mbele, mama katikati, shemeji au mama mkwe nyuma akimshika asianguke. Kwa njia kavu safari hiyo ni mateso. Mvua ikinyesha, huenda isiwezekane kabisa.

Na machelewa haya hufungamana. Familia ikijua kwamba njia haipitiki na pikipiki ya usiku itadai pesa ambazo hazipo nyumbani, huamua kusubiri asubuhi. Anayetazama kutoka nje husema walichelewa kuamua. Kumbe waliihesabu barabara kwanza.

Simu imepunguza baadhi ya safari. Tangu M-Pesa ilipoanza Machi 2007, mtu hahitaji kwenda Malindi kumtumia mzazi pesa au kulipa karo. Hiyo ni nafuu kubwa. Lakini mtoto hazaliwi kwa simu, wala gunia la pojo halitumwi kwa ujumbe.

*Kwa ufupi: Barabara ipimwe kwa siku yake mbaya kuliko zote, kwa kuwa dharura haichagui siku ya jua.*

India walihesabuje?

Nchi iliyojaribu kuligeuza swali letu kuwa sheria ni India. Desemba 2000 serikali yake ilianzisha mpango mkubwa wa barabara za vijijini, uitwao Pradhan Mantri Gram Sadak Yojana. Kanuni yake ilikuwa wazi: kila makazi yenye watu 500 au zaidi katika nchi tambarare yapate barabara inayopitika mwaka mzima. Kwa maeneo ya milima, jangwa na ya makabila yaliyotengwa, kiwango kilishushwa hadi watu 250.

Tunajifunza mambo mawili. La kwanza ni kwamba kanuni iliandikwa, na mwanakijiji aliweza kuisoma na kudai haki yake. Hakuhitaji kumjua mkubwa. Tena kanuni yenyewe ilikiri kwamba watu 250 wa jangwani wana haki sawa na 500 wa bondeni, kwa sababu ardhi yao haiwaruhusu kuwa wengi.

La pili ni onyo. Tathmini zilizofanywa baadaye zilionyesha kwamba barabara ziliwasaidia watu wengi kuacha kilimo na kupata vibarua nje ya kijiji, lakini mavuno na kipato cha shambani havikupanda sana. Barabara ilifungua mlango wa kutoka. Soko, maghala, maji na mikopo vilihitaji kazi nyingine. Kwa hiyo anayewaahidi watu wa Adu kwamba lami peke yake itawatajirisha anawadanganya, na anayewanyima njia kwa kisingizio hicho anawaonea.

Pesa hufuata vichwa kiasi gani?

Kenya nayo ina fomula. Kaunti hugawana pesa kutoka serikali kuu kwa vigezo vinavyopendekezwa na Tume ya Ugavi wa Mapato na kuidhinishwa na bunge. Katika fomula ya kwanza, iliyoanza pamoja na ugatuzi mwaka 2013, idadi ya watu ilibeba asilimia 45. Katika fomula iliyopitishwa Septemba 2020, baada ya mvutano mrefu katika Seneti kati ya kaunti zenye watu wengi na zile zenye ardhi kubwa, mgao ulikuwa hivi:

- Mgao sawa kwa kila kaunti: asilimia 20
- Idadi ya watu: asilimia 18
- Afya: asilimia 17
- Umaskini: asilimia 14
- Kilimo: asilimia 10
- Ukubwa wa ardhi: asilimia 8
- Barabara: asilimia 8
- Miji: asilimia 5

Kitaifa, basi, Wakenya walishakubaliana kwamba vichwa si kila kitu. Umaskini, ardhi na barabara vilipewa uzito wake. Kwa fomula hiyo Kilifi ilipokea pesa kwa vigezo hivyo vyote, ikiwa ni pamoja na ukubwa wa nyika ya Magarini na umaskini wa watu wake. Ardhi ya Adu ikisaidia kuleta pesa Kilifi, si haki pesa hizo zikifika kaunti zigawanywe kwa kuangalia vichwa peke yake.

Kuna pesa nyingine pia. Kila lita ya petroli na dizeli ina tozo ya kutengeneza barabara, ambayo tangu Julai 2024 ni shilingi 25. Mwendesha boda wa bara, anayenunua petroli ya chupa dukani, analipa tozo hiyo sawasawa na mwenye gari la kifahari Nairobi. Hakuna anayemuuliza kama barabara yake ina watu wa kutosha.

Kazi ianzie wapi?

Kenya yenyewe iliwahi kuionyesha dunia namna ya kujenga barabara za vijijini kwa gharama ndogo. Mpango ulioanza mwaka 1974 uliajiri wakulima waliokaa kando ya njia, wakafanya kazi kwa majembe, sururu na mikokoteni, na kwa takribani miaka kumi zikatengenezwa karibu kilomita 8,000. Wageni kutoka nchi nyingine za Afrika walikuja kujifunza. Ujira ulibaki kijijini, na ujuzi wa kuchimba mtaro ulibaki vilevile.

Kwa eneo kama Adu, mambo yafuatayo yanaweza kudaiwa sasa, bila kungoja lami:

1. Orodha ya sehemu zinazokatika. Waendesha boda wanazijua zote kwa majina. Ziandikwe, zipigwe picha wakati wa mvua, na zipelekwe ofisi ya wadi.
2. Vivuko vya zege na kalvati kwanza, greda baadaye. Greda bila mitaro ni kazi ya msimu mmoja.
3. Vibarua wa kudumu wa barabara. Kila kipande kipewe watu wanaoishi hapo wa kuzibua kalvati na kufyeka pembeni kabla ya masika.
4. Mpango wa dharura ya uzazi. Zahanati, wakunga na waendesha boda wakubaliane mapema nani ataitwa usiku na nani atalipa.
5. Madai kwa wakati wake. Sheria inaitaka serikali ya kaunti ipeleke mpango wa maendeleo wa mwaka kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Anayekuja kulia mwezi wa Novemba amekuta meza imeshafungwa.

Swali la watu wangapi wanatosha barabara lina jibu, basi. Kwa lami ya njia mbili idadi ina nafasi yake, kwa sababu lami ni ghali na magari ya kuitumia lazima yawepo. Kwa njia inayopitika mwaka mzima, yenye vivuko na mitaro, idadi isitumiwe kumnyima mtu. Hiyo ni ya kiwango kimoja na kisima na zahanati: penye watu wanaoishi, wanaolipa tozo na kuzaa watoto, inastahili kuwepo. Baraza lijalo la chifu, wananchi wakiambiwa tena kwamba wao ni wachache, waiweke mezani orodha ya sehemu zinazokatika na waombe tarehe ya kazi kuanza.